Baka Duara la Profesa Ndomba

Wanaoisema vibaya Jamhuri ya Salamadi ni watu ambao hawajaiona maabara yetu ya magonjwa ya nyanya. Mimi nimefanya kazi humo miaka thelathini na moja, na ninasema bila kupepesa macho kwamba hakuna maabara safi kama ile. Mashine kubwa ya kupimia, tuliyopewa na nchi rafiki, bado imevaa nailoni yake ya kiwandani. Haijaguswa na vumbi wala na mtu. Hadubini zipo kumi na mbili, na kila moja ina kitambaa chake kilichodariziwa maua na mke wa Mkurugenzi. Sakafu inapigwa deki mara tatu kwa siku, hata siku ambazo maji hayatoki.

Jina langu ni Ligalama, Karani Mkuu wa Masjala. Kila kinachoingia maabara kinapita mezani kwangu kwanza, na kila kinachopita mezani kwangu kinagongwa muhuri. Huo si uamuzi wangu, ni Waraka Namba Saba, unaosema kwamba chochote kitakachopokelewa na ofisi ya umma, kiwe karatasi, kifaa au kiumbe, kitagongwa muhuri juu yake chenyewe na si juu ya bahasha yake. Zamani tuligonga bahasha, watu wakawa wanabadilisha vilivyomo. Tangu waraka utoke nimegonga matairi, nimegonga keki ya harusi, na mwaka juzi niligonga beberu aliyeletwa na wafanyabiashara kuja kumsalimia Mkurugenzi. Alizunguka uani wiki nzima akiwa na tarehe kwenye paji la uso.

Muhuri wenyewe ni wa duara, wa wino wa zambarau. Katikati yupo bata mzinga ameshika jembe, ambaye ndiye nembo ya taifa letu. Juu yake pameandikwa IMEPOKELEWA, na chini yake inakaa tarehe. Sijisifu, lakini Salamadi nzima hakuna anayegonga muhuri ukakaa sawa kama mimi.

*

Jumatatu moja akaingia Bi. Sikudhani, mkulima kutoka kijiji cha Mabondeni, amebeba jani la nyanya ndani ya mfuko wa nailoni. Alikuwa ameondoka kwake alfajiri na viatu vilikuwa na tope hadi kwenye kamba.

"Shikamoo, baba karani."

"Marahaba, mama. Una barua ya mtendaji wa kata?"

Alikuwa nayo. Alikuwa nazo tatu, maana alishaambiwa tabia zetu.

"Nina mashina elfu nne," akasema. "Yamebakiza wiki tatu nianze kuvuna. Sasa matatu, kule kona ya mfereji, yananyauka yakiwa mabichi. Asubuhi shina limesimama, mchana limelala. Sina shida ya mengi, baba. Nataka jibu moja tu: ning'oe yapi, niache yapi? Maana shamba hilo ndilo linalonilisha mimi, mama yangu mzazi na wajukuu wanne. Nikichelewa, yote yanakwenda."

"Umefika penyewe, mama," nikamwambia. "Hapa ndipo penye sayansi."

Nikalilaza jani juu ya meza, nikalinyoosha kwa kiganja, nikachovya muhuri kwenye pedi ya wino niliyokuwa nimeijaza asubuhi ileile, nikagonga. Mbele mara moja, nyuma mara moja. Bi. Sikudhani alinitazama kwa mshangao kidogo, kisha akainamisha kichwa. Watu wa Salamadi wana adabu sana mbele ya muhuri.

*

Mkurugenzi wetu ni Profesa Injinia Balozi Mstaafu Ndomba. Kwa kawaida hashiki hadubini, kwa sababu ya cheo. Lakini siku ile kulikuwa na wageni wa televisheni, akavaa koti jeupe, akatoa kile kitambaa cha maua, akaweka jicho. Akakaa hivyo dakika nzima. Alipoinua uso aligeukia kamera.

"Ndugu zangu," akasema, "ninaona baka la zambarau, la duara kamili. Katika maisha yangu yote ya taaluma sijapata kuona ugonjwa wa mimea wenye umbo zuri namna hii."

Akaitisha majani mengine yaliyopokelewa wiki ile kutoka kila pembe ya nchi. Yote yalikuwa na baka. Akaitisha ya wiki iliyotangulia, nayo yote. Maabara nyingine duniani huwa zinapata asilimia kumi, asilimia ishirini, zinababaika. Sisi tulipata asilimia mia moja bila kubahatisha, na Profesa akaupa ugonjwa jina lake mwenyewe, Baka Duara la Ndomba, ili usipotee.

Utafiti ukaenda mbio. Siku ya tatu Profesa aligundua kwamba vijidudu vya ugonjwa huo hujipanga kwa maumbo yanayofanana na herufi. Siku ya nne akagundua kwamba huandika tarehe vilipoingia kwenye jani, jambo linalorahisisha sana kazi ya daktari. Siku ya tano ikathibitika kwamba ugonjwa huwa mkali Jumatatu, hupungua nguvu kadiri wiki inavyokwenda, na ifikapo Ijumaa hauonekani vizuri hadi mtu akodoe macho. Jumamosi na Jumapili haupatikani kabisa, wala sikukuu za kitaifa.

"Ni ugonjwa wenye nidhamu ya utumishi," alisema Waziri wa Nyanya, Vitunguu na Masuala ya Kachumbari, alipokuja kutupongeza. "Na kama vijidudu vyetu vinajua kusoma na kuandika, basi wale wanaobeza elimu yetu wajibu leo!"

Tukapiga makofi mpaka viganja vikauma.

Waziri ni mtu makini. Alitaka kujiridhisha kisayansi, akatuma jani la maua ya plastiki kutoka ofisini kwake, ili tuone kama kipimo hakidanganyi. Nililipokea kwa utaratibu uleule. Jibu likatoka: maua ya Waziri yana Baka Duara, tena kali, maana ilikuwa Jumatatu. Jioni ile maua yote ya plastiki katika wizara zote kumi na tisa yalichomwa moto hadharani, na mji mzima ukakohoa siku mbili.

*

Katika wataalamu wetu kulikuwa na mmoja anayeitwa Dokta Lutengano, mtu mwembamba, mpole, mwenye tabia mbaya ya kwenda mashambani. Kwenye kikao cha Alhamisi akanyoosha mkono.

"Profesa, naomba kusema. Hilo baka ni muhuri."

Profesa akainua kichwa.

"Muhuri upi?"

"Wa masjala. Tazama, huyu hapa bata mzinga. Na hili ni jembe."

Profesa akavua miwani polepole. "Dokta, mimi nimesoma ng'ambo miaka kumi na minne. Unataka kuniambia siwezi kutofautisha ugonjwa na muhuri?"

"Sijasema hivyo, Profesa."

"Au unasema muhuri wa Serikali ndio ugonjwa?"

Hapo waliokaa karibu na Dokta Lutengano walisogeza viti vyao kidogo. Yeye hakusogea. "Nasema hivi: tupime jani moja tu ambalo halijagongwa. Moja tu. Tukiona baka, mimi nitanyamaza. Wakulima wanasubiri, na mle kwenye majani yao kuna magonjwa ya kweli ambayo hakuna anayeyatazama."

Macho yote yakanigeukia mimi. Nikasimama, nikafunga kifungo cha koti. Nikaeleza kwa heshima zote kwamba jani ambalo halijagongwa muhuri halijapokelewa, na ambacho hakijapokelewa hakimo maabara, hata kama mtu amekishika mkononi. Sasa utapimaje kitu ambacho hakimo? Profesa akasema hajawahi kusikia hoja iliyonyooka hivyo kutoka kwa mtu wa kidato cha nne. Makofi niliyopigiwa siku ile sikuwahi kupigiwa hata siku ya harusi yangu.

Dokta Lutengano akahamishiwa Kitengo cha Ulinzi, getini, na kukabidhiwa rungu. Koti jeupe aliendelea kulivaa kwa sababu sare za walinzi zilikuwa bado hazijashonwa.

*

Operesheni Ng'oa Duara ikatangazwa. Kila mkulima aliyeleta sampuli alipewa barua ya kumtaka ang'oe nyanya zake zote, na wengi walitii kabla hata askari hawajafika. Wilaya ya Ng'ambo ya Mto peke yake waling'oa mashamba mia tatu na arobaini katika siku mbili. Takwimu hizo zilisomwa redioni kwa furaha kubwa, zikifuatiwa na muziki.

Bi. Sikudhani alikuja mwenyewe kuchukua jibu lake. Safari hii alileta na shina zima lililonyauka, na jingine zima lenye afya, kwa kuwa siku zilikuwa zinamwishia. Nikampa barua na picha ya jani lake iliyopigwa kwa hadubini. Aliitazama, akautazama muhuri wangu pale mezani, akaitazama tena picha.

"Baba karani, mbona huyu ni bata wako?"

"Mama," nikasema, "majibu ya kitaalamu hayasomwi hivyo."

"Nisomee wewe basi."

"Yanasema shamba lako lote ling'olewe. Waziri mwenyewe atakuja Alhamisi, litakuwa shamba la mfano. Ni heshima kubwa."

Akaikunja barua mara nne. Akakusanya mashina yake, akatoka. Kutoka dirishani kwangu geti liko hatua chache tu, kwa hiyo niliyaona na kuyasikia yote yaliyofuata, na ninayaripoti kwa masikitiko.

Dokta Lutengano alimpisha kwenye benchi la walinzi. Akachukua glasi yake ya kunywea, akaisuuza, akajaza maji safi. Akakata kipande cha shina lililonyauka, kule chini karibu na mizizi, akakishika ncha yake moja ikiwa ndani ya maji, bila kutikisa. Wakainama wote wawili kutazama. Baada ya muda kidogo uzi mweupe kama maziwa ukaanza kushuka kutoka kwenye lile shina, taratibu, hadi chini ya glasi. Akamwaga, akaosha, akarudia kwa lile shina lenye afya. Maji yakabaki maji.

"Huo ni mnyauko bakteria," nilimsikia akimwambia. "Upo kwenye udongo na unatembea na maji. Ng'oa yale matatu na majirani zake wote, choma, usitupe mferejini. Kona ile usiipitishie maji tena, na jembe lioshe kabla hujaingia nalo kwingine. Msimu ujao pale panda mahindi. Haya mengine yaache, mama. Ni mazima."

"Basi ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

Jambo zima lilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Hakuna fomu iliyojazwa, hakuna aliyekaa foleni. Niliona aibu kwa niaba ya sayansi.

*

Alhamisi tulifika Mabondeni tukiwa magari ishirini na moja, na matarumbeta. Mahema yalikwisha kufungwa, soda zilikwisha kupoa. Askari arobaini wa kung'oa walisimama mstari mmoja na majembe mabegani. Bi. Sikudhani alikuwa amefanya alivyoambiwa: kona ya mfereji ilikuwa tupu, imechomwa na kuzungushiwa miiba. Mashina mengine yote yalisimama kwenye matuta yake, mabichi, yamejaa nyanya zilizoanza kubadilika rangi. Nilikulia mjini, sikuwahi kusimama katikati ya kitu kama kile.

Afisa Operesheni akafungua amri na kusoma kwa sauti: "Ling'olewe kila shina lenye baka la duara la rangi ya zambarau." Askari wakaingia. Wakatafuta tuta la kwanza, la pili, la kumi. Wakapindua majani, wakachungulia chini. Baka halikuwepo hata moja.

Waziri akaanza kutoka jasho. Hotuba yake ilikuwa ya kurasa thelathini na mbili na yote ilihusu kung'oa.

"Ugonjwa umejificha," Profesa akamnong'oneza. "Umesikia matarumbeta."

"Utoeni basi!"

Profesa akafikiri, kisha akaniita. "Ligalama, mimea hii imepokelewa?"

"Jani moja tu, Profesa. Mengine bado."

"Aa! Ndiyo maana. Ipokee."

Nikavua koti, nikaingia na muhuri na pedi na chupa tatu za wino. Nilianza tuta la kwanza saa nne kasoro. Kila shina jani moja, mbele na nyuma. Nilipogeuka kutazama nilikotoka, nikaona mabaka ya zambarau yamejipanga nyuma yangu mstari kwa mstari. Watu wakaanza kushangilia. Profesa alikumbatiana na Waziri. Mtangazaji wa redio ya taifa alikuwa hewani moja kwa moja, na sauti yake ilikuwa imepanda juu kabisa: "Ugonjwa umeingia tuta la tisa, wasikilizaji! Unaelekea mashariki kwa kasi ya tuta moja kila dakika sita! Nauona kwa macho yangu, umevaa shati jeupe la mikono mirefu!"

Bi. Sikudhani alinifuata nyuma muda wote. "Angalia usinivunjie vikonyo, baba," alikuwa akisema. Basi. Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Nilipogonga shina la mwisho, wino wa chupa ya tatu ukakauka. Ilikuwa alasiri. Askari wakainua majembe. Bi. Sikudhani akapiga magoti kwenye shina la kwanza la tuta la kwanza, akalishika kwa mikono miwili, akanitazama mimi, si Waziri.

"Baba karani, umeshazipokea zote. Mtu akipokea kitu cha mwenzake, anakitunza au anakitupa?"

Sijui kilichonipata. Nadhani ni jua. Nikajikuta nimenyoosha mkono, mkono wenyewe wa zambarau hadi kiwiko.

"Mheshimiwa Waziri, naomba kutoa taarifa ya kiutaratibu. Kwa Kanuni ya Arobaini na Moja ya Kumbukumbu za Taifa, chochote chenye muhuri wa IMEPOKELEWA ni kumbukumbu ya Serikali. Hakichanwi, hakichomwi, hakiondolewi mahali pake kabla ya miaka ishirini na mitano, isipokuwa kwa saini ya Mhifadhi Mkuu wa Taifa."

"Aitwe Mhifadhi Mkuu!"

"Nafasi hiyo iko wazi tangu enzi za Rais wa Pili, Mheshimiwa."

"Na mtu aking'oa?"

"Kifungo miaka saba. Kwa kila shina."

Afisa Operesheni, ambaye ni mwepesi wa hesabu, akazidisha saba kwa elfu nne kimoyomoyo, na jembe likamtoka mkononi. Askari wakarudi nyuma kwa vidole vya miguu, wakiomba radhi kwa mimea waliyoigusa. Waziri alitazama kurasa zake thelathini na mbili, akatazama kamera, akatabasamu kwa ule uzoefu alionao.

"Wananchi," akasema, "leo nimekuja kuzindua Shamba la Kumbukumbu la Taifa, la kwanza katika bara zima!"

Matarumbeta yakalia. Akabaki mtaalamu mmoja wa sheria aliyetaka kujua kama matunda nayo ni kumbukumbu. Nikakagua. Nilikuwa nimegonga majani tu, na wino ulikuwa umekwisha. Matunda yakahesabika kuwa viambatisho visivyopokelewa, na viambatisho visivyopokelewa hurudishwa kwa mwenyewe. Bi. Sikudhani akatakiwa kuyaondoa shambani haraka iwezekanavyo.

*

Maombi ya wino mpya yako Hazina hadi leo. Kwa kuwa hakuna wino, tangu Alhamisi ile hakuna jani hata moja lililokutwa na Baka Duara. Profesa Ndomba ametangaza kwamba ameutokomeza ugonjwa katika muda wa siku moja, na amevalishwa nishani. Getini kuna foleni ndefu ya wakulima wenye vipande vya mashina, wanangoja glasi ya mlinzi. Profesa anafurahi kuiona foleni. Anasema inaonyesha imani ya wananchi kwa maabara.

Juzi Bi. Sikudhani alikuja masjala na ndoo ya nyanya, zimeiva, zinang'aa. Akaiweka mezani.

"Hizi si sampuli, baba karani. Ni zako. Uliniokolea shamba."

Tulicheka sote, tukakumbushana yule mtangazaji na shati jeupe. Kisha yeye akaacha kucheka.

"Nina swali."

"Uliza, mama."

"Ulijua kwamba ni muhuri wako?"

Nina majibu mengi ya kiofisi, nayaweza hata usingizini: kwamba suala linafanyiwa kazi, kwamba mimi si msemaji. Sikutoa hata moja.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu ile ilipopigwa picha ya jani lako. Bata wa muhuri wangu ana mguu mmoja uliokatika. Niliuangusha muhuri ngazini miaka mingi iliyopita. Kwenye picha ya Profesa mguu ulikuwa umekatika."

"Na kwenye kile kikao alichonisimulia Dokta?"

"Nilijua, mama. Nimebakiza miaka miwili nistaafu."

Hakupandisha sauti. "Dada yangu analima Ng'ambo ya Mto," akasema. "Alikuwa na mashina elfu sita, mazima kabisa. Hakungoja askari. Alipopata barua aling'oa mwenyewe, yeye na wanawe, kuanzia asubuhi mpaka jioni. Alisema Serikali haiwezi kumwandikia kitu cha uongo."

Nikamuuliza dada yake anaitwa nani.

"Nenda kamuulize mwenyewe," akasema, akajifunga kitenge vizuri, akaondoka. Ndoo aliiacha.

Kesho ni Jumamosi, ofisi imefungwa. Ng'ambo ya Mto ni mwendo wa saa tano. Nimeshaazima mwavuli na nimeshamuaga mke wangu, na tangu juzi natafuta sentensi ya kwanza nitakayomwambia huyo dada yake, sijaipata.